Toka Shaka hadi Yakini: Lugha ya Mke Anayemshuku Mumewe katika Kalama, Machakos

Tuhuma katika ndoa ni jambo la moyo kabla halijawa jambo la lugha, lakini haliwezi kumfikia mtu wa pili ila kwa lugha. Mke anayehisi kwamba mumewe ana mwanamke mwingine hana budi kulisema jambo hilo kwa mtu: kwa shoga yake, kwa mama mkwe, kwa wazee wa ukoo, kwa chifu, na mwisho pengine kwa hakimu. Kila mmoja wa hao, kabla hajapima ushahidi, huwa amekwisha kupima maneno. Makala haya yanachunguza maneno hayo katika Kiswahili cha bara nchini Kenya, kwa kuitazama hasa Kalama, nchi ya vilima iliyo kusini mwa mji wa Machakos. Hoja inayotolewa ni kwamba sarufi ya Kiswahili humpandisha mke ngazi kwa ngazi, toka mtu anayeingiwa na jambo hadi mtu anayelitenda, na kwamba msikilizaji asiyezitambua ngazi hizo huweza kumwita mgonjwa mwanamke aliye mzima, au kumwita mzima yule anayehitaji tiba.

Kwanza yafaa ieleweke ni kwa nini Kalama. Lugha ya nyumbani huko ni Kikamba. Kiswahili hujifunzwa shuleni, sokoni na safarini, na tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi. Kwa hiyo mke wa Kalama anapokosana na mumewe ndani ya nyumba hukosana naye kwa Kikamba. Jambo likitoka nje ya ua kwenda ofisini huanza kuvaa Kiswahili. Yeye huyaazima maneno ya shaka kutoka katika lugha iliyokwisha kuyaazima kwingine, na mambo mawili hupotea njiani, kama itakavyoonekana.

Pili, huko mume kuwa mbali na nyumbani si jambo geni. Machakos iko kilomita sitini na kitu kutoka Nairobi, na tangu enzi ya ukoloni wanaume wa Ukambani wameajiriwa katika jeshi, polisi, reli na viwanda, huku wake wakibaki kulima. Utafiti mashuhuri wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki uliochapishwa mwaka 1994, ulioichunguza wilaya ya Machakos toka 1930 hadi 1990, ulionyesha kwamba fedha zilizopatikana nje ya shamba zilikuwa sehemu kubwa ya mtaji uliogeuza vilima vilivyomomonyoka kuwa mashamba ya matuta. Nguvu za mikono zilitoka kwa vikundi vya mwethya, ambavyo kwa wingi vilikuwa vya wanawake. Ukiyaangalia matuta ya Kalama, basi, unaangalia mkataba wa ndoa ulioandikwa ardhini: mume alete mshahara, mke alete jembe. Mshahara ukipungua bila maelezo, tuta halijengwi, karo hailipwi, na swali la kwanza la mke si swali la mapenzi bali la hesabu. Fedha zimekwenda wapi? Wale wanaoucheka wivu wa wake wa mashambani kwa kawaida hawajalitia maanani jambo hili. Hapo zamani fedha hizo zililetwa kwa mkono wa msafiri au kwa posta, na kuchelewa kwake kulikuwa na sababu mia. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, kiasi na dakika ya kupokewa huonekana katika simu. Ushahidi umekuwa sahihi zaidi, na pamoja nao kila upungufu umekuwa dalili.

Tuyatazame maneno yenyewe. Neno la kwanza ni wivu, na katika orodha hii ndilo pekee lenye asili ya Kibantu. Mtu huwa na wivu, lakini pia huona wivu, kama aonavyo njaa, haya na uchungu. Yaani lugha imeliweka jambo hili miongoni mwa yale yanayomjia mtu mwilini, asiyoulizwa kwa nini ameyaona. Matatizo huanza katika kauli ya kutendea. Tukisema Mwanamke anamwonea mumewe wivu, mume ndiye anayelindwa. Tukisema Anamwonea jirani yake wivu, jirani ndiye anayechukiwa, na haijulikani kama anachukiwa kwa kuwa anaiba mume au kwa kuwa ana ng'ombe wengi. Kwa hiyo mke akisema kwamba anamwonea wivu mwanamke fulani, msikilizaji ana hiari ya kuamua kwamba kinachosemwa ni husuda tu. Aghalabu huamua hivyo, kwani husuda haihitaji kuchunguzwa.

Maneno yanayofuata yote yametoka katika Kiarabu: shaka, dhana, yakini, wasiwasi, tuhuma. Mwambao uliyapokea pamoja na elimu iliyoyapanga. Katika elimu ya sheria ya Kiislamu, yakini ni kujua kusikotikisika. Dhana ni hali ambayo upande mmoja unauzidi mwingine kwa uzito. Shaka ni hali ambayo pande mbili za mizani zimelingana. Ipo pia kanuni maarufu ya wanasheria hao kwamba jambo lililothibiti kwa yakini haliondolewi na shaka. Ndoa iliyothibiti, kwa mfano, haivunjwi kwa sababu mtu ameshuku. Zaidi ya hayo, aya ya 12 ya sura ya Al-Hujurat inaonya dhidi ya kudhani vibaya na dhidi ya kupelelezana. Hivyo mke wa mwambao aliyelelewa katika chuo cha Kurani alipewa neno na mpaka wake kwa pamoja.

Maneno haya yalipopanda bara, katika misafara, katika kambi za askari, na baadaye katika vitabu vya shule na vya misheni, mipaka hiyo haikusafiri nayo. Ukambani ni nchi ya makanisa. Misheni ya Africa Inland ilianza kazi yake Nzaui mwaka 1895. Msomaji wa Kalama alikutana na shaka na dhana katika Biblia na katika gazeti, yakiwa yamelala kitanda kimoja. Hata mtu akifungua kamusi leo atakuta neno moja likielezwa kwa jingine. Hilo ndilo jambo la kwanza lililopotea: mizani. (Na wasomi wenyewe wamelichukua neno dhana na kulipa cheo kipya, kwa kulitumia kwa maana ya wazo la kitaaluma, mwanafunzi wa siku hizi anayesoma juu ya dhana ya ndoa hatambui kwamba kwa lugha ya babu zake anasoma juu ya ndoa inayodhaniwa.) Dalili ya wazi kabisa ya upotevu huo ni msemo bila shaka. Kwa muundo wake msemo huo wakana shaka. Lakini mtu akisema Bila shaka yuko kwa yule mwanamke, ni dhahiri kwamba hajui aliko. Angejua, angesema tu Yuko kwa yule mwanamke. Bila shaka imekuwa alama ya kubahatisha iliyovaa joho la yakini.

Jambo la pili lililopotea ni uzito wa neno wasiwasi. Kwa Kiarabu neno hili limejengwa kwa kurudia sauti, na maana yake ya msingi ni mnong'ono: ile sauti ndogo ambayo shetani hutia kifuani mwa mtu na kuirudia na kuirudia. Hakuna neno bora zaidi la kueleza usiku wa mke anayehesabu saa. Lakini katika mazungumzo ya Kenya neno hilo limelainishwa mno. Usiwe na wasiwasi ni kauli ya kila mwenye duka, na hakuna wasiwasi ni jibu la kila dereva. Mke anayekwenda kwa shemeji yake na kusema kwamba ana wasiwasi hujibiwa papo hapo asiwe nao. Amesema jambo zito kwa neno lililokuwa zito, na limepokewa kama salamu.

Hapo ndipo anapolazimika kupanda ngazi, na hapa sarufi hujitokeza waziwazi. Fikiria mfululizo huu wa mifano ya kubuni, ambayo kila msemaji ataikubali: Shaka imemwingia. Ameshikwa na wasiwasi. Anamdhania mumewe vibaya. Anamshuku mumewe. Anamtuhumu mumewe. Katika sentensi ya kwanza shaka ndiyo kiima, na mke ni mtu aliyeingiwa, kama nyumba iingiwavyo na moshi. Katika ya pili yeye ni kiima, lakini kitenzi ni cha kutendwa, bado ameshikwa. Katika ya tatu kitenzi ni chake na mume amekuwa yambwa, ila kwa njia ya kauli ya kutendea, na hapana budi kielezi vibaya kifuate ili maana ikamilike. Katika ya nne na ya tano mke ni mtenda moja kwa moja na mume ni mtendwa. Jambo lenyewe huenda halijabadilika hata kidogo: simu ileile iliyozimwa, fedha zilezile zilizopungua. Kilichobadilika ni nani anayemfanya nani. Kabla hajaongeza ushahidi wowote, mke ameacha kuwa mwenye kudhurika na amekuwa mwenye kudhuru.

Nchini Kenya mabadiliko hayo yana ukali wa pekee. Magazeti ya Tanzania humwita mtu aliyekamatwa na polisi mtuhumiwa. Ya Kenya humwita mshukiwa. Kwa hiyo kitenzi shuku, ambacho chatokana na mzizi uleule wa shaka, kimekuwa katika Kenya neno la seli na pingu. Mke akisema mbele ya wazee Namshuku mume wangu, amemwita mumewe mshukiwa nyumbani kwake mwenyewe, na wazee huanza kumtetea mwanamume kabla hawajauliza amefanya nini. Angesema Nimeingiwa na shaka, wangemwuliza imeingia kwa mlango gani. Swali hilo la pili ndilo lenye manufaa, lakini kitenzi cha kwanza hulifunga.

Nyakati za vitenzi nazo zina sehemu yake, na pengine sehemu hiyo ni kubwa kuliko ya msamiati. Tuhuma huanza na -li-: Alichelewa Ijumaa. Mara mbili au tatu zikitukia, -li- hugeuka hu-: Huchelewa siku za Ijumaa, au katika mazungumzo ya bara, anachelewanga. Hatua hii ni fupi sana kwa ulimi na ndefu sana kwa mantiki, kwani -li- yasimulia tukio na hu- yasimulia tabia. Tukio huweza kuwa na sababu yake: basi liliharibika, mwajiri alimzuia. Tabia haihitaji sababu; yenyewe ndiyo sababu. Kisha huja neno dogo kumbe. Kumbe lina uwezo ambao hakuna kiunganishi kingine kinachoukaribia, nao ni kurudi nyuma katika maisha yaliyokwisha kuishiwa na kuyasoma upya. Kumbe ndiyo maana alinunua shati jipya. Kumbe ndiyo maana hakuja mazishini. Kila kumbe huvuta jingine, na katika jioni moja miaka kumi ya ndoa huweza kuandikwa upya pasipo jambo jipya hata moja kugunduliwa. Atakaye kuona tuhuma ikikua asihesabu malalamiko, ahesabu kumbe.

Methali humsaidia mke huyu, ingawa msaada wake si wa salama. Iliyo hatari kupita zote ni Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tazama ilivyoundwa: lisemwalo ni kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda, hivyo hakuna mtu wa kuulizwa alilitoa wapi. Sehemu ya pili huufunga mlango wa kukanusha, kwani likikosekana leo ushahidi wake umeahirishwa hadi kesho. Mume anayethibitisha kwamba hana mwanamke amethibitisha tu kwamba bado hajampata. Mtu mzima huitumia methali hiyo kama onyo, akaiacha. Mtu ambaye akili yake imeanza kushikwa na tuhuma huihamia na kukaa ndani yake.

Kwa upande wa sheria na mila, mke wa Kalama alikuta hali isiyolingana. D. J. Penwill, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1951 kitabu kuhusu sheria ya kimila ya Wakamba, kwa kutumia maandishi aliyoyakusanya Machakos. Katika sheria hiyo fidia ya uzinzi ni haki ya mume ambaye mkewe ameingiliwa. Mke ambaye mumewe amekwenda nje hana dai linalofanana nalo. Wamisheni walileta Biblia, na katika sura ya 5 ya kitabu cha Hesabu imo sheria kamili ya wivu, pamoja na kuhani na maji machungu. Lakini nayo ni sheria ya mume anayemshuku mkewe. Kwa vyovyote vile, shaka ya mume ilikuwa na utaratibu, jina na mwisho wake. Shaka ya mke ilikuwa hali ya moyo tu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imelirekebisha jambo hili kwa sehemu, kwani katika ndoa ya kimila mume au mke aweza kuomba talaka kwa sababu ya uzinzi, ukatili au kutelekezwa. Lakini sheria hiyohiyo huichukulia ndoa ya kimila kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo. Kwa hiyo mume aliyekamatwa ana jibu ambalo mke hana: kwamba yule mwanamke alikuwa akimposa. Kwa neno hilo moja, kosa hugeuka mipango ya harusi, na mke aliyekuwa na haki ya kulalamika huonekana kuwa mtu anayeogopa mwenzake.

Palipokosekana utaratibu wa wazi, tuhuma ilitafuta vazi jingine. Ukambani vazi hilo lilikuwa la ũoi, yaani uchawi: mke hasemi kwamba mumewe amempenda mwingine, bali kwamba yule mwingine amemtia mumewe dawa. Kwa mwanaisimu, faida ya kauli hii ni dhahiri. Mume anarudi kuwa mtendwa, ametiliwa. Mke anaweza kulalamika bila kumtuhumu mumewe hata kidogo, na ndoa ikaendelea. Neno la Kikamba kamũtĩ, ambalo kwa umbo ni mti mdogo, limeingia katika mazungumzo ya Kenya nzima kwa maana ya kago na hirizi ya aina hiyo, na hadithi za wapenzi walionaswa pamoja kwa dawa ya mwenye ndoa husimuliwa hata na watu wasiojua neno jingine la Kikamba. Wasimulizi hucheka. Lakini vazi hilo si la bure. Anayetajwa kuwa mũoi yuko hatarini, mara nyingi kuliko mume aliyetenda kosa lenyewe. Amani ya nyumba moja imenunuliwa kwa usalama wa mwanamke wa nyumba nyingine.

Limebaki swali la maradhi, nalo halikwepeki, kwani wapo wake ambao tuhuma zao zimepita mpaka wa akili timamu. Mwaka 1955 madaktari John Todd na Kenneth Dewhurst waliupa wivu wa namna hiyo jina la Othello, yule jemadari wa Shakespeare. Uchaguzi huo nao waeleza jambo: kielelezo kilichotafutwa kilikuwa cha mume. Kabla yao, mwaka 1910, Karl Jaspers wa Ujerumani alikuwa amekwisha kuandika juu ya wivu wa kiwazimu. Elimu ya maradhi ya akili iliyofuata imesisitiza jambo ambalo wazee wa ukoo na wanasheria husahau, kwamba wazimu wa tuhuma haupimwi kwa kuuliza kama mume amezini. Mume aweza kuwa amezini kweli na mke akawa mgonjwa. Aweza kuwa mwaminifu kabisa na mke akawa mzima aliyedanganywa na dalili. Kinachopimwa ni jinsi mtu alivyofika kwenye yakini yake, na kama kuna jambo lolote ambalo angelikubali kuwa linaipinga.

Hapa mwanaisimu ana la kumwambia daktari, kwa kuwa njia hiyo ya kufikia yakini huacha nyayo katika sentensi. Mke aliye mzima, hata akiwa na hasira, bado ana huenda, labda, pengine na sijui. Bado anaweza kutumia -nge-: Angekuwa kazini angepokea simu. Sentensi hiyo ina mlango. Mtu akithibitisha kwamba mume alikuwa kazini na simu iliibiwa, mlango hufunguka. Yule ambaye tuhuma imemmeza huwa ameachana na -nge-. Simu ikipokewa, ni kwa sababu yule mwanamke amemwambia aipokee. Isipopokewa, ni kwa sababu yuko naye. Viunganishi vyote vimekuwa kwa sababu. Na maneno eti na nasikia, ambayo humwezesha msemaji kusimama kando ya habari aliyoletewa, hupotea pia: habari ya jirani husemwa kama jambo aliloliona kwa macho yake.

Tofauti hizi ni nyembamba, na ni rahisi mno kufutwa na mtu wa tatu anayesimama katikati. Mtu huyo yupo, naye ni mkalimani. Mke wa Kalama anapofika mbele ya hakimu, mahakama za chini za Kenya hutumia Kiingereza au Kiswahili. Asiyevimudu husema Kikamba, na karani humfasiria. Katika nusu dakika karani huyo huchagua kati ya shaka imemwingia na anamshuku, kati ya alichelewa na huchelewa, na mara nyingi hutupa huenda na nasikia kwa kuwa zinarefusha maneno. Faili hupokea sentensi iliyokwisha kupandishwa ngazi. Mafunzo ya wakalimani wa mahakama yangeweza kuanza na vitenzi hivi vitano tu, kabla ya istilahi za sheria.